Kasese, Nairobi, Dubai: mji mzuri ni upi?

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Bwera wanapenda mjadala mmoja kuliko yote. Hata tukipanga kuzungumza juu ya mitihani au malaria, baada ya nusu saa tumerudi palepale: mji gani duniani ni mzuri kuliko mingine? Mmoja anasema Dubai, kwa sababu ya taa na maghorofa. Mwingine anasema Paris, kwa sababu wanamuziki wakubwa wa Kinshasa hupita huko. Wasichana wawili wanataka Nairobi. Kijana mmoja mkimya sana anasema Toronto, maana shangazi yake yuko huko. Nikiuliza, "Na Kasese je?", wote wanacheka. "Yaya, Kasese si muji, iko paki ya taksi tu."

Ninaandika kwa sababu mjadala huu si mchezo. Kati ya hao wanaocheka wapo ambao mwezi ujao watapanda basi kweli. Mkimbizi anayechagua mji anachagua mahali atakapolala bila mgao wa chakula, mahali atakapoulizwa karatasi usiku, na lugha ambayo watoto wake watakua nayo. Picha za kwenye simu hazisemi mambo hayo. Historia inasema angalau kidogo. Mimi si profesa, nimeishia sekondari, lakini nimesoma nilichoweza kupata, na nimekaa na wazee wa Kilembe na akina mama wa soko la Mpondwe nikiwasikiliza. Kutokana na hayo nimejifunza kuuliza kila mji maswali mawili. La kwanza: kitu kilichouleta mji huu kilipoisha, watu wake walifanya nini? La pili: nani anaruhusiwa kulala humo?

Watoto wa reli moja

Tuanze na Nairobi. Mwaka 1898 hapakuwa na mji pale. Palikuwa na tambarare yenye majimaji, ambako Wamasai walinywesha ng'ombe, na jina lenyewe linatokana na maneno yao ya maji baridi. Mwaka 1899 reli iliyotoka Mombasa ikafika. Mbele yake kulikuwa na mteremko mkali wa Bonde la Ufa, basi wahandisi wakasimama pale kupanga vifaa, kujenga karakana na mahema. Hakuna bandari, hakuna mto mkubwa, hakuna mfalme aliyekaa hapo. Kituo tu. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ikahamisha makao yake kutoka Mombasa kwenda kwenye kituo hicho. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwakuta watu zaidi ya milioni 4 wakiishi hapo.

Reli ile haikuishia Nairobi. Mwaka 1901 ilifika Kisumu, kwenye ziwa. Mwaka 1931 ilifika Kampala. Mwaka 1956 ilifika wapi? Kasese. Yaani Nairobi na Kasese zimefungwa kwenye kamba moja ya chuma, na zote mbili zilianza kama mahali pa kupakia na kupakua mizigo. Kampala ni tofauti kidogo, kwa sababu kabla ya reli na kabla ya ngome aliyojenga Lugard kwenye kilima mwaka 1890, Kabaka alikuwa na mji wake Mengo, wenye barabara na watu wengi.

Tukigeukia Kongo, mambo yanafanana. Stanley alifungua kituo mwaka 1881, kikaitwa Léopoldville, mahali ambapo Wateke walikuwa tayari na vijiji na masoko yao. Chini ya hapo Mto Kongo una maporomoko, meli haziwezi kushuka hadi baharini. Reli ya kutoka Matadi ilipofika mwaka 1898, mizigo ya mto mzima ilimwagikia pale. Mwaka 1966 mji ukapewa jina la Kinshasa, na leo wakazi wake wanakadiriwa kupita milioni 15. Hata Marekani ni hivyohivyo. Chicago mwaka 1840 ilikuwa na watu wasiofika 5,000, tena ndogo kuliko kata nyingi za wilaya hii. Reli zikakutana hapo zikileta ngano, mbao na ng'ombe, na mwaka 1890 ilikuwa imepita milioni moja.

Sasa, kama mwanzo ni mmoja, mbona Nairobi imekuwa Nairobi na Kasese imebaki Kasese? Nimeangalia ramani, na jibu naliona pale. Nairobi treni ilipita, halafu njia nyingine zikaja kukutana nayo, halafu serikali ikahamia. Kasese treni iliishia. Ilikuja kuchukua kitu kimoja.

Shaba na lulu

Kitu hicho kilikuwa shaba. Ukitoka Kasese mjini kwenda mlimani unafuata mto Nyamwamba hadi Kilembe, chini ya Rwenzori. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1956, mwaka uleule wa reli, chini ya kampuni ya Kanada. (Kijana wetu wa Toronto aandike hilo kwenye daftari lake.) Shaba ilisafirishwa kwa treni hadi Jinja, ikayeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, halafu ikaendelea hadi Mombasa. Kampuni ilijenga nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule. Watu walikuja kutoka pande nyingi za Uganda na nchi jirani. Wazee walionisimulia wanasema kwamba siku ya mshahara biashara za Kasese zilichangamka mpaka usiku, na kwamba huko chini ya ardhi, kama hujui lugha ya mwenzako, ulisema naye Kiswahili.

Katika miaka ya 1970 serikali ikachukua mgodi, vipuri vikakosekana, bei ya shaba duniani ikaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama. Katika miaka ya 1990 treni nayo ikaacha kuja. Yaliyobaki ni reli iliyomezwa na nyasi na nyumba za kampuni bondeni. Hata hizo mto umezifuata: mafuriko ya Nyamwamba ya Mei 2013, na tena ya Mei 2020, yalibomoa nyumba nyingi na kuiharibu vibaya hospitali ya Kilembe.

Linganisheni na Dubai. Vijana wanadhani Dubai ilizaliwa na mafuta. Kabla ya mafuta Dubai iliishi kwa lulu. Wanaume walikaa miezi baharini wakizamia chaza. Halafu kufikia miaka ya 1930 biashara hiyo ikavunjika, kwa sababu Wajapani walikuwa wamejifunza kuzalisha lulu kwa ufugaji na kwa sababu uchumi wa dunia nzima ulikuwa umeanguka. Ilikuwa Kilembe yao. Watu walilala njaa. Ila walikuwa na hori ya bahari inayoingia mjini, na wafanyabiashara waliozoea kwenda India na Irani. Wakashika kazi ya kununua hapa na kuuza pale. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1966, na hayakuwa mengi kama ya majirani zao wa Abu Dhabi. Fedha zake wakazitia kwenye bandari, na ile kubwa ya Jebel Ali ilifunguliwa mwaka 1979. Siku hizi mafuta ni sehemu ndogo tu ya uchumi wa Dubai. Maghorofa mnayoyaona kwenye simu yamesimama juu ya biashara ya kupitisha mizigo ya watu wengine.

Na Lubumbashi? Hiyo ndiyo ndugu wa kweli wa Kasese, maana nayo ni ya shaba na ya reli, ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Tofauti ni kwamba shaba ya Katanga ilikuwa nyingi mno, na mji ukapata makao ya jimbo, chuo kikuu na barabara ya Zambia. Gécamines ilipodidimia miaka ya 1990, mishahara ikakatika, watu wa Lubumbashi waliteseka kweli, lakini walikuwa na vitu vingine vya kushika.

Kasese ilishika nini? Kahawa ya mlimani, pamba ya tambarare, saruji ya Hima, chumvi ya Katwe, watalii wa mbuga na wa Rwenzori, na mpaka wa Kongo. Mji haukufa. Mwaka 2010 ulipandishwa kuwa manispaa, na sensa ya 2014 ilihesabu humo watu zaidi ya laki moja. Mji uliopoteza mgodi na treni katika kizazi kimoja na bado ukaongezeka, mimi siwezi kuuita paki ya taksi.

Nani analala mjini

Swali la pili ndilo linalotuhusu zaidi sisi wakimbizi, na hapo majengo hayasaidii.

Dubai: karibu watu tisa kati ya kumi wanaoishi humo si raia. Ruhusa ya kukaa imefungwa kwenye kazi au kwenye fedha. Kazi ikiisha, unapewa muda mfupi, kisha unaondoka. Mtoto wa mgeni akizaliwa huko haupati uraia kwa kuzaliwa tu. Ni mji wa kufanyia kazi. Usiende ukidhani utazeekea hapo.

Nairobi ina historia ndefu ya kuuliza watu karatasi. Tangu karibu mwaka 1920 mwanaume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kopo. Mji ulijengwa ili Mwafrika afanye kazi mchana kisha asiwe na pake. Kipande kiliondoka, desturi ikabaki. Desemba 2012 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamie Dadaab na Kakuma. Julai 2013 Mahakama Kuu ikalifuta agizo hilo. Aprili 2014 ukaja msako, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakazuiliwa, wengine katika uwanja wa Kasarani. Wasichana wangu wawili wanaotaka Nairobi wanapaswa kujua hayo.

Lakini wajue na upande mwingine. Katika miaka ya 1970 bendi za Kongo zilihamia Nairobi. Super Mazembe walifika, Les Mangelepa wakaundwa hukohuko na wanamuziki wetu. Walirekodi kwa Lingala na Kiswahili, na leo Mkenya akitaja zilizopendwa, nyimbo zao zimo ndani. Mji ulikuwa na wasiwasi na mgeni huku ukicheza muziki wake. Ndivyo miji mikubwa ilivyo, na nadhani ndiyo sababu vijana wanaipenda: utamaduni wa mjini mara nyingi umepikwa na watu waliotoka kwingine.

Kampala ilijaribu kuishi bila mgeni. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yakagawiwa, na baada ya muda sukari na sabuni zikawa kitu cha kutafuta kwa kupanga foleni. Wazee wa hapa bado wanakumbuka. Katanga nako, mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa, wengi wakiwa wamezaliwa palepale kwenye migodi. Mji unaweza kukukubali miaka hamsini na kubadilika kwa wiki moja.

Leo Kampala ni bora kwetu kuliko miji mingi. Sheria ya Uganda ya wakimbizi ya 2006 na kanuni zake za 2010 zinakuruhusu kutembea na kufanya kazi. Wakongomani wapo Nsambya, Katwe na Makindye, Wasomali wapo Kisenyi. Ila mnaosoma mkiwa Rwamwanja, Kyaka au Nakivale mnajua bei yake: ukihamia Kampala, mgao unauacha kambini. Utapanga chumba kwa fedha yako. Mama atatembeza vitenge juani tangu asubuhi. Ni uhuru, na uhuru huo una kodi ya mwisho wa mwezi.

Paris na Toronto sitazisema sana. Paris ina mtaa wa Château Rouge ambako utapata pondu na samaki wa kukaushwa, lakini bila karatasi unaishi humo ukijificha. Toronto mkimbizi wa kambini haichagui kwa kidole. Faili lako huchaguliwa na wengine, nawe unaambiwa mji baadaye. Kuipenda si vibaya. Kuacha shule ukiisubiri, hilo ndilo linaloniumiza, maana nimeona vijana wakisubiri hivyo mpaka wakapata mvi za kwanza.

Mji usio na reli

Bwera haikupata treni. Ilipata mpaka. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walikubaliana huko Brussels juu ya mistari yao, na mlima wa Rwenzori na watu wake wakagawanywa. Upande huu wa mto Lhubiriha wakabaki Bakonzo, upande ule Banande. Lugha ni kama moja. Mama wa Kasindi na mama wa Bwera wanabishana bei ya samaki bila mkalimani, na wakikasirika wanatukanana kwa methali zilezile.

Siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, ndipo ninapowapeleka vijana wanaosema hapa hakuna kitu. Samaki wanatoka Ziwa Edward. Kahawa, maharage, unga, mafuta ya mawese na vitenge vinavuka kichwani, kwenye baiskeli na kwenye malori. Mizigo mingi inakwenda Beni na Butembo. Butembo nayo haikuwahi kupata reli, na kwa miaka mingi barabara zake zilikuwa matope. Lakini wafanyabiashara wake walianza kupanda ndege kwenda Dubai, Hong Kong na Guangzhou kununua bidhaa. Makontena yao yalishukia Mombasa, yakapita Nairobi na Kampala, yakaja kuvukia hapa. Kwa hiyo Dubai wanayoitafuta kwenye simu inapita mbele ya mlango wao ikiwa imefungwa kwa turubai. Mzee mmoja dereva aliniambia: "Mutu anaenda fasi kuko kazi, lakini kazi nayo inatembea." Tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kazi hiyo inatembea zaidi.

Sisemi Bwera ni peponi. Juni 2023 waasi walivamia usiku shule ya sekondari ya Mpondwe-Lhubiriha na kuua watu zaidi ya 40, wengi wanafunzi. Wengine walikuwa rika la vijana wangu. Kuna watu hapa ambao hawawezi kulala mvua ikinyesha juu ya bati, kwa sababu hawasikii nje kuna nini. Mtu akitaka kuondoka kwa sababu hiyo, mimi simzuii.

Lakini nakumbuka na Juni 2019. Ebola ilivuka mpaka, wagonjwa wakapelekwa hospitali ya Bwera. Watu wengi walitarajia mpaka ufungwe. Haukufungwa. Waliweka maji ya kunawa na vipimajoto, watu wakapanga mstari, wakavuka. Katika swali langu la pili, Bwera siku hiyo ilijibu vizuri kuliko miji mingi yenye maghorofa.

Ninavyochagua mimi

Kinshasa ningeenda kusikiliza rumba, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Dubai ningeenda wiki moja, kununua mzigo na kurudi. Nairobi ningeenda kusoma kozi, karatasi zangu zikiwa kamili mfukoni. Kampala ningejaribu kama ningekuwa na ufundi wa mkono na mtu wa kunipokea. Kuishi, kwa sasa nachagua Kasese. Chumba nakiweza, sheria inaniruhusu, Kiswahili kinatosha sokoni, na habari za nyumbani zinanifikia kila siku ya soko bila kulipia intaneti. Vilevile ni mji unaojua maana ya kupoteza kila kitu na kuanza tena, na mimi na mji huo tunaelewana.

Kwa wahudumu wa mashirika mnaosoma gazeti letu nina ombi dogo. Mnapowaleta vijana kwenye mafunzo, wapelekeni pia Kilembe na kwenye ile stesheni ya zamani ya Kasese, siku moja tu, wazee wakiwa nao. Watajifunza uchumi zaidi kuliko kwenye karatasi za ukutani. Na mnapotuuliza tunataka kwenda wapi, tuulizeni pia tunajua kufanya nini.

Kwa wewe kijana ambaye umeshaamua, nenda salama. Ila kabla ya kulipa tiketi, mtafute mtu mmoja anayeishi huko sasa hivi, asiwe wa kwenye picha, umpigie. Muulize analipa chumba shilingi ngapi, aliwahi kulala kituoni mara ngapi, na kazi yake ya kwanza ilipoisha alikula nini. Akisita kujibu hilo la mwisho, ongeza salio umwache aongee.